Jinsi ya kutengeneza sumaku-umeme kwa bolti na waya wa kusukia mota

Waya unaopitisha umeme huzungukwa na uga wa sumaku. Hans Christian Ørsted alilionyesha hilo mwaka 1820. Mzunguko mmoja wa waya hauna nguvu. Mizunguko ikifika 300 nguvu zake hujumlika, na chuma kilicho katikati huzikuza mara nyingi zaidi.

Vifaa: bolti ya chuma ya milimita 8, urefu milimita 60, mita 9 za waya wa kusukia mota, yaani waya wa shaba wenye vanishi (ngozi nyembamba inayozuia umeme), unene milimita 0.3; betri kubwa ya volti 1.5, tepu, msasa laini na mita ya kupimia umeme.

1. Vingirisha tepu kwenye bolti. Nyuzi za bolti (mikato ya kufungia nati) hukwaruza vanishi.

2. Acha mkia wa sentimita 15, kisha zungusha mara 150. Ukifika mwisho, rudi na tabaka la pili la 150 ukizungusha upande uleule. Ukigeuza upande, tabaka la pili litaua nguvu ya la kwanza.

3. Kwangua vanishi sentimita 2 kila ncha. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa sababu vanishi ina rangi ya shaba na waya huonekana mtupu ilhali umefunikwa. Sugua kwa msasa pande zote, si upande mmoja, mpaka shaba ing'ae. Kisu hukata kovu na waya mwembamba huvunjikia hapohapo. Kiberiti sikipendi: kinaacha masizi, na vanishi nyingine haziungui vizuri. Sasa pima. Weka mita kwenye ohmu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe, usomaji huo uutoe kwenye kipimo cha koili, yaani waya uliouzungusha. Koili isome kama ohmu 2. Isiposoma kitu, vanishi bado ipo au waya umekatika. Ikisoma chini ya 1, mizunguko imegusana. Pima pia kati ya waya na bolti: pasiwe na mawasiliano.

4. Unganisha betri kwa sekunde chache tu. Koili hupata moto. Umeme wa ukutani, kamwe.

Jaribu kwa pini: zikibaki zimenata baada ya kukata umeme, chuma ni kigumu mno. Bolti zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani, yaani za chuma kigumu, ziepuke. Msumari mnene wa kawaida ni bora.

Huko kuwasha na kuzima ndiko kunakotumika kwenye kreni ya vyuma chakavu, inayoangusha mzigo umeme ukikatwa, na kwenye kengele, ambayo hujikatia umeme yenyewe kila nyundo inapovutwa. Rilei nayo hutumia umeme kidogo kufunga swichi ya umeme mkubwa.

Ukiendesha koili kwa transista (swichi ya kielektroniki), weka dayodi 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili, mstari wake uelekee chanya. Bila hiyo, uga unapoporomoka huzalisha volti nyingi za ghafla, na transista hufa.