Mabomba ya tangi la samaki kutoka sebuleni hadi besimenti: mwongozo kwa wenye nyumba Marekani

Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni kwake, wale tropheus na frontosa ambao asili yao ni maji ya Kigoma na Bujumbura, hufika mahali akachoshwa na mlio wa pampu na ndoo zinazopita juu ya zulia kila wiki. Nyumba nyingi za majimbo ya baridi zina besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, na kuteremshia huko tangi la pili lenye vichujio, hita na pampu ni uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote. Lakini maji yanayoshuka huko na kupandishwa tena na pampu yatapita katika ukuta wa mbao na jipsamu, si wa matofali ya saruji tuliouzoea nyumbani, na ukuta wa namna hiyo ukilowa ndani huota ukungu na kuoza kabla mwenye nyumba hajaona hata doa. Kwa hiyo sharti ninaloliweka mbele ya mengine yote ni kwamba kusiwe na kiungo cha bomba usichoweza kukiona na kukishika.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutoboa sakafu nyuma ya tangi na kuuacha ukuta kabisa. Ikilazimu kupita ukutani, chagua ukuta wa ndani ya nyumba, kwa maana ule wa nje umejazwa pamba ya kuzuia baridi, na maji yanayosimama humo umeme ukikatika Januari yanaweza kuganda na kupasua bomba. Tumia kipande kimoja kizima kinachosukumwa kutoka besimenti kwenda juu, na kona ya kutokea iwe nyuma ya kifuniko kinachofunguka.

Bomba lisimame wima kati ya nguzo za mbao, ambazo kwa kawaida zimepangwa kila sentimita 40, wala lisizikate kwa upana. Hesabu yenyewe inakataa: nguzo ya kawaida ina upana wa milimita 89, na kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi haziruhusu tundu linalozidi asilimia 40 ya upana huo katika ukuta unaobeba mzigo, yaani milimita 35 hivi, ilhali bomba la plastiki (PVC) la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48. Boriti za sakafu zilizo mbao nzima hutobolewa kwa kiasi kisichozidi theluthi ya kimo chake, na tundu likae angalau sentimita 5 kutoka ukingo wa juu na wa chini. Boriti za kiwandani zenye umbo la I zisiguswe kamwe katika mbao zake za juu na za chini. Kabla ya keekee kuwashwa, hakikisha nyaya za umeme na bomba la gesi hazipiti hapo, na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, rangi ya ukutani ipimwe kwanza kama ina madini ya risasi.

Kwa maji yanayoshuka napendekeza mabomba matatu: la kwanza hujaa maji tupu bila hewa na hurekebishwa kwa koki, na hilo ndilo linaloondoa kelele, la pili hupitisha maji machache yanayozidi, la tatu hubaki kavu, likisubiri siku konokono au jani litakapoziba la kwanza. Penye mlazo, bomba liinamishwe sentimita 2 kwa kila mita. Bomba la kupandisha maji linahitaji pampu yenye nguvu kweli, kwa sababu kutoka besimenti hadi ukingo wa tangi la sebuleni ni karibu mita 4, na kiasi kilichoandikwa kwenye boksi hupimwa pasipo kupandisha maji popote. Tazama mchoro wa pampu unaoonyesha lita zinazobaki katika kimo hicho.

Sasa umeme umekatika. Maji ya juu yatarudi chini mpaka mdomo wa bomba la kupandishia upate hewa, na katika tangi lenye urefu wa sentimita 180 na upana wa 60, kila sentimita moja ya kina ni karibu lita 11. Yakishuka sentimita 4 ni lita 43, na juu yake kuna yaliyomo katika mabomba na sanduku la kumwagia, yaani kisanduku ambamo maji ya tangi la juu humwagikia kabla ya kushuka. Tangi la besimenti liachiwe nafasi ya kuyapokea yote. Valvu ya kuzuia maji yasirudi isitegemewe peke yake, hasa kwa wafugaji wa samaki wetu, maana maji magumu wanayoyapenda huacha chokaa kwenye bawaba yake, nayo hushindwa kufunga.

Soketi za besimenti ziwe za aina inayojikata umeme unapovuja, na unyevu uondolewe kwa feni ya kutoa hewa nje. Matundu ya kati ya ghorofa yazibwe kwa kizibo cha kuzuia moto, na mpangaji asitoboe chochote bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Gundi ikikauka kwa muda ulioelekezwa kwenye kopo, endesha mfumo mchana na usiku kwa maji matupu, ukizima na kuwasha pampu mara kadhaa huku ukifuta kila kiungo kwa karatasi kavu, kisha ndipo jipsamu irudishwe ukutani.