Somo: Jinsi ya kumjua babu alikuwa batalioni gani ya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki) kwa kuangalia beji kwenye picha

Wakuu, wengi tuna ile picha ya babu kavaa gwanda la Mwingereza, na ukiuliza nyumbani unaambiwa tu "alienda Burma" (Myanmar ya leo), basi. Kikosi chake mara nyingi kinajulikana kwa beji moja tu, twendeni taratibu.

Kwanza itoe picha kwenye fremu, geuza nyuma uone mhuri wa studio au maandishi ya penseli, halafu iskani kwa ubora wa juu, usiipige na simu chini ya taa maana inang'aa palepale kwenye chuma. Hakikisha haijapinduliwa kushoto kulia: tepe za medali hukaa kifua cha kushoto.

Sasa zumu kofia na kola, hapa ndio penyewe. Beji ya King's African Rifles ni baragumu lenye kamba, na katikati ya mzingo wake kuna namba ya batalioni, hiyo namba itafuteni kwa nguvu zote kabla ya kitu kingine chochote. 1 na 2 ni Nyasaland (Malawi ya leo), 3 na 5 Kenya, 4 Uganda, 6 Tanganyika. Vita vya Pili vilivyopamba moto zikaongezwa batalioni za tarakimu mbili, na tarakimu ya mwisho mara nyingi ndio inataja asili: 22 Nyasaland, 44 Uganda, 26 na 36 Tanganyika. Ila 11 ni ya Kenya, msichanganye.

Shuka begani usome herufi. K.A.R. ni askari wa miguu, E.A.A.S.C. ni usafirishaji na ugavi, madereva wengi walikuwa huko, E.A.A.M.C. ni wa matibabu. Ukiona kichwa cha kifaru, hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma 1944 kwenye bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, lakini ndani yake kulikuwa na batalioni nyingi kwahiyo msikurupuke, rudini kwenye namba. V za mkononi ni cheo tu: moja lansi koplo, mbili koplo, tatu sajini.

Namba ikipatikana, shajara za vita za batalioni (kumbukumbu za kila siku za kikosi) zipo National Archives ya Uingereza, Kew, London: fungu WO 169 kwa Afrika Mashariki, WO 172 kwa Burma.

MASWALI

Swali: Mkuu, ya kwetu ina tai mbele ya kofia?
Jibu: Huyo alikuwa askari wa Mjerumani, Schutztruppe, vita ya 1914 hadi 1918. Tafuta na picha nyingine, maana 1917 baadhi yao waliingizwa 6 KAR.

Swali: Picha hatuna, ipo medali tu.
Jibu: Kama ni ya Vita vya Kwanza soma ukingoni, huwa kumechongwa namba, cheo, jina na kikosi. Za Vita vya Pili Mwingereza alizitoa bila jina, Burma Star itakuambia alifika kule, kikosi haikutajii.

Swali: Bibi anasema alipigana Madagascar.
Jibu: Inawezekana kabisa, 1942 ilienda brigedi ya 22 (brigedi ni kundi la batalioni kadhaa, sio batalioni ya 22), kwahiyo angalia 1, 5 au 6 kwenye baragumu.

Swali: Beji imefifia haisomeki kabisa.
Jibu: Kama wamepiga kundi, zumu wenzake waliosimama naye, beji ya mmoja ikisomeka mnaanzia hapo.