Jambia la Kiomani kwa rangi za maji: fedha ing'ae bila rangi nyeupe

Mwanafunzi wangu alikwama kwenye ala, yaani kifuko cha jambia: fedha yote ilimtokea kama saruji. Hatua hizi nimemwandikia yeye, na yeyote aliyekwama hapohapo.

1. Vifaa. Karatasi ya pamba ya gramu 300, ibandike ubaoni kwa tepu. Rangi tatu zinatosha: ultramarini (buluu iliyokolea), sienna ya kuchoma (kahawia yenye wekundu), okra ya njano (njano ya udongo). Nyeusi ya tyubu iache dukani.

2. Mwanga. Dirisha moja, taa zote zizimwe. Laza jambia juu ya kitambaa kisicho na maua.

3. Mchoro. Mpindo ndio unaolitambulisha jambia, hata kwenye bendera ya Oman. Wengi huupinda polepole, kumbe ala hukata kona karibu pembe mraba. Bapa lililo ndani halipindi hivyo.

4. Mpini. Ukiwa wa pembe ya kifaru, kama ya zamani, kingo hupitisha mwanga kidogo. Hapo pitisha okra nyepesi.

5. Fedha. Hapa usiwe na haraka. Fedha huazima rangi za jirani: ubuluu wa dirisha juu, rangi ya kitambaa chini. Mng'ao unatokana na weupe wa karatasi kugusana na giza. Finya macho mpaka nakshi zipotee, ubaki na mabaka ya weupe, ya kati na ya giza. Weupe uzungushie penseli hafifu, usiuguse tena. Ule utomvu wa mpira wa kufunikia karatasi siupendi hata kidogo. Huacha kingo kali kila mahali, na ukikaa sana kwenye joto hung'oka na karatasi. Afadhali brashi namba 2 yenye ncha nzuri, uzunguke nyuzi za fedha moja moja.

Changanya ultramarini na sienna: buluu ikizidi, kijivu kinapoa; sienna ikizidi, kinapata joto. Paka nyepesi kwanza, kisha subiri. Subiri kweli! Pwani wakati wa masika karatasi huonekana kavu kumbe ndani ina maji. Iguse kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya baridi, bado. Ukiwahi, giza litasambaa na kumeza weupe.

Giza lenyewe liwe zito, mara moja tu, kwenye mifereji iliyoingia weusi. Pale ala inapoviringika, lainisha ukingo mmoja kwa brashi mbichi, wa pili uache mkali. Mng'ao ukipotea, kwangua nukta moja mbili kwa ncha ya wembe, karatasi ikiwa kavu kabisa.

6. Kivuli. Kikolee kinapogusana na ala, kisha kififie. Tepu ibandue ukivutia nje.