Kasuku Aliyehamia Kwako: Somo la Kumzoesha

Kasuku wangu wa kijivu aliletwa akiwa na miaka 14, tundu limefunikwa kanga, na mwezi mzima kila jioni aliita "Mwanaishaa!" kwa sauti ya bibi ambaye sikuwahi kumwona. Ndege hawa hufika miaka 40 na zaidi wakitunzwa, ndiyo maana wengi huhama nyumba: mwenyewe kafariki, kasafiri, au kachoshwa na kelele.

Kwanza karatasi. Tangu 2017 kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa Kenya hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Msije mkaanza kuelewana siku anapokuja kuchukuliwa.

Hatua ya 1: Mwache. Tundu liegemee ukuta upande mmoja, mahali anapowaona watu lakini hawampiti kila dakika, na mbali na jikoni. Sufuria zisizogandisha chakula zikiungua, mvuke wake humuua ndege mara moja. Siku tatu nne za mwanzo mkono uingie kwa maji na chakula tu. Hata kama amezoea alizeti tupu, usimkatie ghafla. Mboga utaziongeza kidogo kidogo. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Usiku apate giza kwa muda wa saa 10 hadi 12.

Hatua ya 2: Kaa naye. Chambua mchele karibu yake, zungumza taratibu. Usimkodolee; kwake, anayekodoa macho ni mwewe.

Hatua ya 3: Jua anachokipenda. Tazama anachookota kwanza bakulini. Wangu ni korosho isiyo na chumvi. Kitoe bakulini, kuanzia leo kitoke kwako tu. Kila ukipita, dondosha kipande uende zako, usisimame kungoja shukrani. Akianza kusogea akikuona, mpe kupitia kwenye nyaya.

Hatua ya 4: Kijiti. Msogezee kijiti; akikigusa kwa mdomo, msifu, mpe korosho. Baada ya siku kadhaa atakifuata, na kwa njia hiyo utamtoa na kumrudisha tunduni bila kumshika. Dakika tano zinatosha. Acha angali anataka.

Hatua ya 5: Mkono. Hapa ndipo wengi huharibu. Mkono wako uwe kitu anachokiendea, usiwe kitu kinachomjia. Utulize, kijiti kiwe upande wa pili, apande mwenyewe, hata kama ni baada ya wiki sita. Mboni zikipanuka na kubana haraka haraka, manyoya ya shingo yakisimama, au akijibana akawa mwembamba, rudisha mkono. Kasuku haumi bila kusema kwanza. Kovu la kidole changu cha shahada lilitokana na wageni: nilitaka kuwaringia, na yeye alikuwa ameshakataa mara tatu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mume wangu anampanda begani, mimi ananidonoa. Nimemkosea nini?*
Marahaba mwanangu. Hukumkosea, kachagua. Mumeo asimpe tena korosho. Iwe kazi yako peke yako, na uanze upya hatua ya 3.

*Nimeshauriwa nivae glavu nene, nimshike kwa nguvu mpaka azoee.*
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hatazoea, ataacha tu kukuonya kabla ya kukuuma.

*Wangu amejinyonyoa kifua kizima. Ni huzuni?*
Huenda, lakini usianze na huzuni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, kwani ugonjwa nao huleta hali hiyo. Kisha mpe vya kuchana: makumbi ya nazi, maboksi, matawi ya mpera. Usimgombeze akinyonyoa. Mengine huenda yasiote tena.

*Ametoka kwa mwenyewe mwenye mdomo mchafu, na mama mkwe anakuja Ijumaa!*
Usicheke wala usimkemee, vyote kwake ni zawadi. Geuka uondoke, urudi akipiga mbinja. Ila kwa Ijumaa hii, dada, mhamishie chumba cha nyuma.

*Na wako, bado anamwita Mwanaisha?*
Mara mojamoja, alfajiri. Siku hizi naitikia "Abee", naye hunyamaza.