Kuandaa Safari ya Gari la Kulala Kutoka Tanga Hadi Nyika za Kaskazini

Familia nyingi za Tanga zinaijua barabara ya Moshi na Arusha kwa sababu ya harusi, misiba na biashara, lakini ni chache zinazoifuata hadi lami inapoishia na kuendelea mbele yake. Mwongozo huu ni wa mwenye gari la abiria au la mizigo lililotengenezwa ndani likawa na kitanda, jiko na tangi la maji, anayetaka kulitumia kwa wiki mbili au zaidi kupita Mkomazi, Mto wa Mbu, Ziwa Natron, Ngorongoro na Serengeti. Wanaoharibikiwa na safari ya namna hiyo mara nyingi huwa wamehesabu kilomita peke yake. Mpango unaofaa huanzia kwenye saa za mwanga na uzito wa gari, na mambo mengine yote hufuata hapo.

Jambo la kwanza ni majira. Masika ya Machi hadi Mei huugeuza udongo mweusi wa mbuga kuwa utelezi unaoshika matairi hadi kwenye ekseli, na gari la kulala lenye tani kadhaa halitoki humo kwa kusukumwa na watu wanne. Kipindi cha Juni hadi Oktoba ndicho salama zaidi kwa barabara za udongo, ingawa vumbi lake ni jingi. Anayetaka kuwaona nyumbu wakizaa upande wa Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, aende Januari au Februari, na anayetaka kuwaona wakivuka Mto Mara aende kati ya Julai na Oktoba. Mambo hayo mawili hayawezi kupatikana katika safari moja, kwa hiyo familia iamue mapema, kabla ya mtu yeyote kuomba likizo kazini.

Ukishachagua mwezi, gawanya njia kwa saa. Kutoka Tanga hadi Segera ni kama kilomita 70, na kuanzia hapo barabara hupita Korogwe, Mombo na Hedaru, mashamba ya mkonge yakiwa kandokando na milima ya Usambara na Upare ikifuatana nawe upande wa kulia. Yote hiyo ni lami, na gari lililosheheni likiondoka baada ya swala ya alfajiri hufika Same mchana bila kulazimishwa. Nashauri usiku wa kwanza uwe hapo, karibu na lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi, kwa sababu kasoro za gari hujitokeza siku ya kwanza, na Same bado utapata fundi na spea. Mbele ya Mto wa Mbu hesabu hubadilika kabisa. Njia ya Engaruka hadi Ngaresero, penye Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai wenye mita 2,962, inazidi kidogo kilomita 100, lakini usiipangie chini ya saa 5 ukiwa umebeba jiko na vyombo. Ndani ya Serengeti mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na mikunjo ya barabara, yaani vituta vidogo vinavyofuatana kwenye udongo, itakufanya uende taratibu zaidi ya hapo. Kuendesha usiku hifadhini hakuruhusiwi. Kwa sababu hizo, siku za barabara ya vumbi panga saa 5 za usukani, au 6 zikizidi sana, na uwe umefika kambini saa 10 alasiri. Jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni, na muda huo wa kati ndio wa kutafuta sehemu iliyo sawa, kupika, na kurekebisha kilicholegea. Kila baada ya siku tatu au nne weka siku moja ya kutohama. Siku hiyo si ya anasa, kwani ndiyo itakayobeba ucheleweshaji wowote uliotokea nyuma.

Kuhusu gari lenyewe, sisi watu wa Pwani tuna tatizo ambalo mtu wa Arusha hana: chumvi ya bahari. Gari lililokaa miaka mingi Tanga linaweza kuwa na rangi safi juu huku chesisi inaliwa kutu chini, na mikunjo ya barabara za kaskazini ndiyo huimalizia. Mwezi mmoja kabla ya safari, lipandishe gari kwenye shimo la gereji na umwombe fundi agongegonge chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikana na fremu na kwenye mashikio ya shokapu. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mzito, na vipande vya kutu hudondoka. Kazi hiyo isiachwe hadi wiki ya mwisho, maana ikipatikana sehemu ya kuchomelea, baada ya hapo gari linapaswa kufanyiwa majaribio, angalau hadi Lushoto na kurudi, likiwa na mzigo wote litakaosafiri nao.

Mzigo huo upimwe kwa uaminifu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni uzito wa watu wazima wapatao wawili walioongezeka garini. Vizito vikae chini na katikati ya ekseli, na juu ya keria pabaki turubai, matandiko na viti vyepesi tu. Madumu ya dizeli yaliyofungwa juu ya keria huyumbisha gari kwenye miteremko na kona, na kamba ya mpira huyasugua plastiki hadi yakatoboka, kwa hiyo tumia mkanda mpana na uweke kipande cha gunia chini yake. Makabati ya ndani yafungwe kwa bolti na nati, kwa sababu skrubu za mbao hutoka zenyewe baada ya siku mbili za kutetemeshwa. Upepo wa matairi ushushwe kidogo ukiingia kwenye vumbi na urudishwe ukifika lami. Pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri itakutosha. Beba matairi mawili ya akiba, feni belti, hozi za rejeta, oili, filta ya dizeli, na jeki iliyojaribiwa ikalibeba gari likiwa limejaa, pamoja na ubao mnene wa kuiwekea chini ili isizame mchangani. Kila asubuhi kagua nati za magurudumu kwa spana.

Mafuta yajazwe kila palipo na kituo, bila kungoja tangi lifike nusu. Mto wa Mbu na Karatu ndipo pa kujaza kila kitu kabla ya nyika, na Seronera, katikati ya Serengeti, kuna kituo. Ukielekea Natron, ondoka na mafuta ya kwenda na kurudi.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko mafuta. Weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku kwa ajili ya kunywa na kupikia, kisha ongeza akiba ya siku mbili. Familia ya watu wanne inayokaa siku nne mbali na mji itahitaji lita 120 kabla ya kufikiria kuoga. Usipange kuchota njiani. Maji ya Ziwa Natron ni ya magadi, na maji ya sehemu nyingi za Arusha na Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ile inayowatia wenyeji meno ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi wala chumvi.

Upishi nao hubadilika unapopanda. Ukingo wa Ngorongoro, ilipo kambi ya Simba, uko kwenye mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Maharage yanayoiva Tanga kwa saa mbili yatakumalizia gesi. Pika dengu au choroko, au chemsha maharage Karatu na upande nayo yakiwa tayari. Visheti na biskuti hukaa muda mrefu na hutuliza watoto barabarani. Machungwa ya Muheza, kwa utamu wake wote, yaliwe kabla ya kufika kambi za hifadhini na maganda yake yasiingie humo, kwa kuwa tembo hunusa matunda kwa mbali na bati la gari halimzuii anayeyataka. Samaki wakavu vilevile huita fisi. Wafungwe ndani ya chombo kisichopitisha harufu.

Usiku wa Ngorongoro, hasa Juni hadi Agosti, una baridi ambayo mtu aliyezoea joto la Pwani haikadirii vizuri anapofunga mizigo. Chukua blanketi mbili nzito kwa kila kitanda. Na hapa nasisitiza kwa nguvu zote: jiko la mkaa lisiingizwe garini kwa ajili ya kuota moto, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa limefunguliwa kidogo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu waliolala hawaamki. Mtungi wa gesi nao ukae wima mahali penye upenyo wa hewa, na ufungwe kila gari linapotembea.

Vibali havina ugumu mkubwa. Beba vitambulisho vya taifa ili mtozwe viwango vya wananchi, lipeni kwa njia ya kielektroniki, na mkumbuke kwamba barabara ya Karatu kwenda Serengeti hupita ndani ya eneo la Ngorongoro, hivyo kuna malipo ya kupita hata kama hamtalala humo. Muda wa kibali huhesabiwa kwa saa. Kwa hiyo lala Karatu na uingie lango la Lodoare asubuhi. Kushuka ndani ya kreta, yaani bonde la Ngorongoro, kunaruhusiwa kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne tu, na gari refu la kulala halifai kwa mteremko ule, kwa hiyo liache juu na ukodi lingine kwa siku hiyo.

Kambini egesha ukielekea njia ya kutokea. Viatu, sufuria na ndoo visibaki nje usiku, kwa sababu fisi huvichukua. Mchana nyani huingia kwenye mlango ulioachwa wazi. Anayehitaji kutoka usiku amulike kwanza pande zote, na mtoto asitoke peke yake. Kwenye mapori ya mbung'o vaa nguo za rangi ya udongo, kwani bluu na nyeusi huwavuta, na usiku laleni ndani ya chandarua.

Kabla ya kuondoka, mwachie ndugu mmoja wa Tanga karatasi yenye njia, majina ya kambi na tarehe, na mkubaliane siku za kupiga simu kutoka mahali penye mtandao. Aambiwe pia ni lini aanze kuulizia: saa 24 baada ya simu iliyotarajiwa, apige kwenye lango la mwisho mlilopita. Gari likikwama au kuharibika, kaeni nalo, wekeni alama za hatari mbele na nyuma, na msubiri gari lijalo. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu, lina maji, na lina kivuli.