Uko kitaa na digrii yako? Kozi za bure zipo, ila zichukue hivi

Bumu limeshakata, vyeti viko kwenye bahasha, na kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitatu. Najua, nimekaa kitaa mwaka na nusu. Kosa langu kubwa nilijisajili kozi kumi na moja kwa mpigo kisa ni za bure, nikamaliza mbili. Kwa hiyo wewe kabla hujabonyeza chochote soma matangazo kama kumi ya kazi unayoitaka, andika kwenye karatasi vitu vinavyojirudia, kile kinachojirudia sana ndo kozi yako ya kwanza. Moja tu jamani.

Halafu hizi kozi za bure za mtandaoni zenyewe hazifanani. Alison unasoma bure ila cheti unalipia. freeCodeCamp, kwa wanaotaka kutengeneza tovuti na programu, ni bure mwanzo mwisho hadi cheti, lakini uwe na kompyuta, kwa simu utateseka tu. Cisco Networking Academy wana kozi za kujisomea za netiweki na usalama wa mtandao, hulipi kitu. HP LIFE ni kozi fupi fupi za biashara na kazi za ofisini, hazili bando sana.

Coursera nayo ni tovuti ya kozi, watu wengi wanaikimbia wakiona dola. Usikimbie. Kwenye ukurasa wa kozi kuna maandishi madogo ya kuomba msaada wa kifedha, unajaza fomu unaeleza kipato chako na kozi itakusaidiaje, alafu unasubiri kama wiki mbili. Eleza hali yako kwa maneno yako, usikopi ya rafiki. Vile vyeti vya Google vya uchambuzi wa data na IT sapoti viko humo humo, ila cheti kimoja kina kozi kadhaa ndani na unaomba kozi moja moja, kwa hiyo ukiwa katikati ya hii tuma ombi la inayofuata, la sivyo utakaa wiki mbili unaangalia dari. Na video zipakue kwenye simu ukipata waifai ya chuo au ya mshkaji.

Sasa tuje kwenye ile ambayo wenye digrii tunaionea aibu, VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali. Mi sielewi hii aibu inatoka wapi maana fundi AC hapa mtaani kwetu hana siku ya kulala njaa. Wana kozi fupi za umeme, ushonaji, upishi, udereva, na ada iko chini kwa sababu sehemu ya gharama inatoka kwenye SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri. Nenda chuo cha karibu na wewe ukaulize mwenyewe getini, usisubiri kuambiwa. Ukiwa huko ulizia na programu ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kwa vitendo, ile serikali inakulipia ada. Na kama una ujuzi uliojifunzia gereji au saluni bila kukaa darasani, kuna urasimishaji, wanakupima kisha unapata cheti.

Wahitimu pia jisajilini TaESA, wakala wa ajira wa serikali ya Tanzania, wanaunganisha watu na ofisi kwa mafunzo ya uzoefu kazini. Ni kama fildi tu ila safari hii hamna ripoti ya supavaiza wa chuo.

Ukiona "nafasi za mafunzo" halafu unaambiwa utume hela ya fomu kwa namba ya mtu binafsi, achana nayo. Hata kama nembo ya serikali iko pale juu, nembo kila mtu anaweza kuibandika.

Na ukiwa unasoma tafuta kazi ya kweli ya kufanyia zoezi. Mi nilipokuwa najifunza Excel nilichukua daftari la mauzo la duka la mama mdogo nikawa naingiza kila jioni miezi mitatu, akawa ananicheka. Siku ya usaili hakuna aliyegusa bahasha yangu, walinipa laptopu yenye faili la mauzo wakasema tuambie tawi gani linashuka na tangu lini, una dakika kumi. Nilitumia sita. Kama kwenu hamna duka muulize mangi mwenye duka hapo jirani, daftari la madeni analo.