Choo Kisichovuta Maji Vizuri: Anza na Ndoo Kabla ya Spana

Choo kinaposhindwa kusafisha bakuli kwa kuvutwa mara moja, hitilafu huwa katika mojawapo ya sehemu mbili: ama tangi halitoi maji ya kutosha kwa kasi inayotakiwa, ama maji yanatoka vizuri lakini hayapati njia ya kupita. Ukitazama bakuli tu, hitilafu hizi mbili hufanana, lakini matengenezo yake hayana uhusiano wowote, na ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha vifaa vyote vya tangi na choo kikabaki vilevile.

Kabla ya kushika chombo chochote, chukua ndoo yenye maji lita 6 hadi 8, uyamimine bakulini kwa mkupuo mmoja. Usifanye hivyo iwapo maji tayari yamejaa karibu na ukingo. Subiri yashuke kwanza. Choo chenye njia safi hupandisha maji kidogo, kisha huyanywa yote kwa sauti ya kukoroma na kubakiza kidimbwi kidogo chini. Mkoromo huo husababishwa na kona ya bomba iliyo nyuma ya bakuli, ambayo ikijaa maji kwa ghafla huyavuta yaliyobaki yafuate. Kidimbwi kinachobaki ndicho kinachozuia harufu ya maji taka isirudi ndani, na wazo hilo si jipya: Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Uskoti, alipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya choo chenye kona ya namna hiyo mjini London mwaka 1775. Kwa hiyo, ndoo ikivuta vizuri, tafuta kosa kwenye tangi au kwenye matundu ya ukingo. Maji yakipanda na kushuka polepole, njia imeziba.

Tuseme ndoo imevuta vizuri. Ondoa kifuniko cha tangi kwa mikono miwili na ukilaze sakafuni juu ya kitambaa, kwani kauri ikigonga kona ya ukuta hupasuka, na kifuniko kinacholingana na tangi lako huwa kigumu kupatikana. Tazama kimo cha maji. Matangi mengi yana mstari ndani unaoonyesha mahali pa kufikia. Kama haupo, maji yanapaswa kusimama sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la wima la kumwagia maji ya ziada. Yakiwa chini zaidi, pandisha boya: kwa vifaa vya kisasa huzungushwa skrubu ndefu ya plastiki, na kwa vile vya zamani vyenye boya la mpira au shaba kwenye mkono wa chuma, huo mkono hukunjwa kidogo kuelekea juu. Tangi likijaa kwa kusuasua, hakikisha kwanza kwamba koki iliyo chini yake imefunguliwa yote, kisha funga koki na ukague kichujio kidogo cha mahali pa kuingilia maji, ambacho hukusanya mchanga.

Kimo kikiwa sawa, vuta maji huku ukiangalia ndani. Hapo ndipo kosa linapojionyesha lenyewe. Mkono wa kuvutia maji unavuta mnyororo, mnyororo unainua mpira uliofunika tundu la chini, na mpira huo unatakiwa uelee wima mpaka tangi likaribie kwisha. Ukiona umeinuka nusu na kuanguka huku maji mengi yakiwa bado yamebaki, mnyororo una ulegevu kupita kiasi. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikizibua bomba lisiloziba, na nilipofunua tangi nikakuta mnyororo umechomoka pete moja tu na kuning'inia kwenye ncha ya mkono. Ulegevu wa takriban sentimita 1 unatosha. Ukiukaza kabisa, mpira hautakaa sawasawa na maji yatavuja usiku kucha. Ukiuacha mrefu mno, utajipenyeza chini ya mpira na kuleta uvujaji uleule.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa mpira. Ukiacha weusi kwenye kidole, au ukiwa umejikunja kama jani kavu, umezeeka. Funga koki, vuta maji yaliyomo, uchomoe masikio yake mawili kwenye vishikizo vya pembeni, na uende dukani nao mkononi, kwa kuwa vipimo vinatofautiana na macho hayaaminiki.

Yapo matangi yasiyo na mpira wa kuinuka, ambayo husukuma maji kwa mtambo wa kunyonya uliosimama katikati kama chupa iliyopinduliwa. Dalili ya ubovu wake ni kulazimika kupiga mkono mara tatu au nne kabla ya maji kutoka. Mara nyingi kilichochanika ni kipande chembamba cha plastiki kilicho ndani, na ingawa chenyewe ni kitu kidogo, matangi mengi ya aina hiyo hulazimu kufungua hadi nati kubwa ya chini au kuling'oa tangi lenyewe. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mwite fundi bomba.

Tangi likitoa maji yote lakini yakateremka kinyonge, kagua matundu yaliyo chini ya ukingo wa bakuli kwa kioo kidogo. Maji yenye chumvi nyingi huyafunika kwa ukoko mgumu. Mimina siki ya uvuguvugu katika bomba la maji ya ziada, uiache usiku kucha, kisha uchokonoe kila tundu kwa kipande cha waya laini. Maji yanayochemka hayafai, kwa sababu yanaweza kupasua kauri. Kamwe usichanganye siki wala tindikali yoyote na dawa ya klorini: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na chumba cha choo kwa kawaida ni kidogo.

Njia ikiwa ndiyo iliyoziba, tumia kizibuo cha mpira chenye mpini, kile chenye mdomo wa ziada unaoingia katika tundu la bakuli. Maji lazima yafunike mpira wote, kwani hewa hubonyea tu wala haisukumi kitu. Msukumo wa kwanza uwe wa taratibu ili hewa itoke bila kukurushia maji, kisha sukuma na kuvuta mara 15 hadi 20, ukitilia nguvu zaidi kwenye kuvuta. Isipofaulu, mimina sabuni ya maji na ndoo ya maji ya moto kiasi, ungoje nusu saa, urudie. Baada ya hapo hutumika waya wa kuzibulia unaozungushwa kwa mkono. Nondo au fimbo ya chuma hukwaruza na hata kuvunja kona ya bakuli. Dawa kali za kuyeyusha uchafu siziafiki: zikishindwa, zinabaki humo zikikusubiri urushe maji yake usoni.

Sikiliza pia sehemu nyingine za nyumba. Choo kikivutwa na maji yakaibuka kwenye tundu la bafu, au sinki likagugumia, tatizo liko mbele zaidi, katika bomba kuu, shimo la maji taka lililojaa au bomba la hewa lililoziba. Acha kutumia maji na utafute fundi.

Ukimaliza matengenezo, vuta mara tatu, ukiacha tangi lijae kila mara, na mara ya mwisho utie vipande kadhaa vya karatasi ya chooni. Vikiondoka vyote kwa mvuto mmoja na tangi likanyamaza baada ya kujaa, rudisha kifuniko.